Dada Aliye Ndani

Fundi alitoka jioni, jua likizama, kupeleka gauni la mteja mtaa wa pili. Alimwacha mdogo wake kibarazani akishona vifungo.

"Ukichelewa nakula na fungu lako, dada," mdogo wake alimtania. "Usije ukasema hukuambiwa."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi iliyotangulia kifafa kilikuwa kimemwangusha mdogo wake mara nne, maana vidonge viliadimika zahanati wiki nzima. Jumapili alilala kutwa kama gogo. Jumatatu akaamka mzima, kicheko tele, mpaka fundi akashusha pumzi. Mtaani walimwita Kijiko, kwa vile zamani kila alipoanguka majirani walimtia kijiko mdomoni, hata wakamvunja jino. Mwenyewe alilizoea jina hilo. "Afadhali kijiko," husema. "Wangeshika mwiko je?"

Fundi alirudi kiza kikianza kutanda. Kibaraza kitupu. Vifungo vimemwagika sakafuni. Taa haijawashwa, na mlango umefungwa kwa ndani.

Akasikia cherehani.

Trrr… trrr… trrr…

Akasimama. Kijiko hakuwa akiigusa cherehani ile. Fundi alimkataza tangu siku alipoangukia sindano. Tena aliyekuwa akishona mle ndani hakuwa mwanafunzi. Mshono ulikwenda, ukasita kwenye kona, ukageuka, ukaendelea bila papara. Fundi aliujua mwendo ule. Ulikuwa wake mwenyewe.

"Kijiko? Nifungulie."

Cherehani ikanyamaza.

Harufu ikampiga puani, kama ya uzi ulioungua. Kisha, karibu kabisa na tundu la ufunguo, mnong'ono:

"Nenda zako. Tumeshakujua."

"Nyie nani?"

"Mimi na dada."

"Dada ni mimi, mdogo wangu. Niko huku nje."

"Dada yuko ndani. Anashona. Anasema umemwibia uso."

Kinyozi wa chumba cha jirani alikuwa ametoka, taulo begani. "Nilikwambia siku nyingi," alinong'ona. "Huyo kapandisha pepo. Hapa hospitali haifui dafu. Nimfuate mganga?"

Miaka yote fundi alikuwa akimcheka kwa maneno hayo. Safari hii kicheko hakikuja. Kidogo aseme ndiyo. Lakini mganga angekuja na moshi na makelele, na mle ndani, juu ya meza, yalikuwamo makasi makubwa ya kukatia vitambaa.

"Tafuta gari," akasema. "Upesi, jirani yangu."

Kinyozi akatoka mbio. Fundi akachuchumaa mlangoni, mdomo kwenye tundu.

"Sawa, Kijiko. Sibishani nawe. Unaogopa?"

"Sana."

"Hata mimi."

Ufunguo ukazunguka… mlango ukafunguka shubiri moja.

Kijiko alikuwa amesimama pale pale, makasi kifuani. Macho makavu, hayapepesi. Alimtazama dada yake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyevaa nguo za marehemu wake.

"Anasema nikukate hapa." Ncha baridi ikagusa shavu la fundi. "Kidogo tu. Uso ukitoka, utakwenda zako."

"Kijiko…"

"Usiniite!"

Na nyuma ya Kijiko, gizani, cherehani ikaanza tena.

Trrr… trrr…

Fundi hakutazama. Mpaka leo hajui angeona nini. Alifumba macho, akaushika mkono wa mdogo wake kwa mikono yake miwili, akaung'ang'ania. Makasi yakateleza. Kitu cha moto kikamtiririka shavuni. Akasikia viatu vya kinyozi vikija mbio, na kilio cha Kijiko: "Dada! Dada, nisaidie!"

Hakuwa akimwita yeye.

Hospitali daktari alimshona fundi nyuzi sita, kisha akamweleza taratibu. Kifafa kikimwangusha mtu mfululizo, alisema, anaweza kutulia siku moja au mbili, akaonekana mzima kabisa, halafu akili ikaruka: akasikia sauti, akawashuku hata walio wake.

"Si pepo, mama, wala hakurogwa. Ni ugonjwa uleule, umekuja kwa mlango mwingine. Unatibika. Akianguka hivyo tena, hata akiamka anacheka, mlete mapema."

"Na harufu ya kuungua?"

"Wagonjwa wengi huisikia kabla ya kuanguka."

Lakini aliyeisikia ni fundi, naye hajapata kuanguka. Habari ya cherehani hakuitaja kabisa. Alichelea naye asije akapewa kitanda.

Kijiko alilazwa majuma mawili, akarudi na dawa mpya, mpole na mwenye aibu. Aliomba radhi mpaka fundi akamkataza. Jioni moja, wakikunja vitambaa, akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini:

"Nakumbuka yote, dada. Alikuwa kama wewe kabisa. Ila yeye hakuwa na haraka. Alinishonea, akaniimbia. Nilimpenda."

"Alikwenda wapi?"

Kijiko akalitazama kovu la shavuni. "Sikumwona akitoka."

Vidonge sasa havikosi; fundi huvifuata hata mji wa pili. Kifafa hakijarudi. Lakini kila jioni akirudi kutoka kwa wateja, fundi hupiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, akasimama kizingitini akisubiri. Kijiko huinua macho kutoka kwenye vifungo, akamkagua uso, polepole, upande mmoja kisha wa pili.

Halafu husema, "Karibu, dada."

Siku nyingine hukawia.