Waya wa Lukumani

Haya yalimpata shoga yangu Zamda, mwaka watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Alirudi mahame kuchukua kinu chake, akafuatana na mdogo wake Lukumani, jitu lisilojua kupiga hodi, lifungualo vitasa vya watu kwa waya.

Mbele ya nyumba ya jirani aliyehama, Lukumani akainamia kitasa cha mlango.

"Wenye nyumba wameshakung'oa meno mawili, na hujakoma?" Zamda akamkemea.

"Siibi, dada. Nataka wajue hakuna wa kunifungia mlango."

"Mshenzi wee. Ukifungua hicho, kwangu usirudi."

Akasita, waya mkononi. Ndani ya nyumba ile tupu, gizani, kitu kikaanza kukwaruza kitasa taratibu, huku kikipiga mluzi uleule apigao Lukumani akiwa kazini. Lukumani akachungulia tunduni. Ncha ya waya ikachomoza, ikielekea jicho lake.