Nafasi Moja ya Da Nang

Ijumaa jioni ukumbi wa gofu ya skrini, ile ya kupiga mpira kwenye picha ya uwanja ukutani, pale Daegu nchini Korea, haukuwa na pa kukanyaga. Bong Tae-ik, fundi wa meno mwenye mabega mapana na aibu nyingi, alikuwa akitoka kucheza, mashine ikimsifu kwa sauti, alipogongana na mwanamke wa sketi nyeupe na kofia ya jua, tena ndani ya nyumba.

"Kumbe wewe ndiye unayepigiwa makofi na mashine," mwanamke alisema. "Naitwa Seok Ran-hui. Kundi langu linakwenda Da Nang, Vietnam, kucheza gofu. Tunacheza wanne wanne, na mtu mmoja amejitoa. Uwanjani pia unacheza?"

"Sana," Tae-ik alijibu, na hapo akajichimbia shimo. Tangu azaliwe hajapiga mpira juu ya nyasi. Ubingwa wake wote ulikuwa wa ukutani.

Wakawa wanakutana kupanga safari, nyama ya nguruwe ikichomwa kwenye jiko la mezani, kundi zima likibishana nani alale chumba kimoja na yule anayekoroma. Kila jioni Ran-hui alipiga simu.

"Bingwa wangu, umenunua mafuta ya jua?"

"Nikinunua, nani atanipaka mgongoni?"

"Hebu nyamaza, niko kwenye basi, watu wanasikia."

Tae-ik alimpenda mpaka chakula hakipiti. Ndipo Ran-hui akamwambia kwamba Jumapili kundi litafanya mazoezi kwenye uwanja wa kweli. Huko uongo wake ungefichuka.

"Sitaweza kwenda Da Nang," alisema kwenye simu. "Mama anaumwa sana."

"Pole," Ran-hui alijibu, akakata.

Kesho yake Tae-ik alipofika kwa mama yake alikuta viatu vya kike mlangoni. Ran-hui alikuwa ameulizia nyumba mpaka akaipata, na sasa ameketi sakafuni na sufuria ya uji wa abaloni, konokono wa baharini, aliomletea mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akichanganya karata, mashavu yanang'aa.

"Mama amenifunga mara tatu," Ran-hui alisema bila kuinua macho. "Haya, niambie. Ni mwanamke gani?"

"Hakuna mwanamke. Ni nyasi. Sijawahi kucheza uwanjani hata siku moja. Niliogopa nitakuaibisha mbele ya watu, uniache."

"Huyu?" mama alidakia. "Hata nyasi za kaburi la babu yake anamlipa mtu amkatie."

Ran-hui alicheka, kisha akawa mwekundu.

"Basi na mimi niseme. Hakuna aliyejitoa. Kundi lilikuwa limetimia. Nilipokuona nikamwondoa shemeji yangu, na mpaka leo dada yangu hapokei simu zangu."

Tae-ik alihisi furaha ikimpanda hadi masikioni.

"Nitazamisha mipira yote kwenye madimbwi ya uwanja, Ran-hui."

"Zamisha. Mimi sikumfukuza shemeji kwa ajili ya mipira."

Tae-ik akamshika mkono palepale mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kulifanya. Mama akajipakulia uji mwingine.

"Mkirudi mtaje tarehe ya harusi," alisema. "Na huyo shemeji mumkalishe mbele."