Kocha Hahamii Mjini

Siku ya gulio Tengeru watu husukumana mpaka mtu akasahau alichokuja kununua. Aika Nkya hakuwa amesahau. Alikuwa ameinama juu ya lundo la viatu vya mitumba, gauni lake la kitenge cha njano amelikunja katikati ya magoti, nywele zimesukwa mtindo wa twende kilioni, jasho linamchuruzika hadi puani. Akachomoa kiatu cha mpira, cheusi, njumu zote zipo. Cha kushoto. Akafukua, akafukua tena, akainua uso. Cha kulia kilikuwa mkononi mwa mwanamume mrefu mwenye miwani na shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka.

"Kaka, samahani. Hicho ni changu."

"Hiki? Dada, nimekishika mimi kabla hujafika."

"Na mwenzake ninaye mimi."

"Basi tucheze wote. Wewe mguu wa kushoto, mimi wa kulia."

Aika alitaka kucheka, akajizuia. Yule mwanamume akaona kwamba amejizuia, akapata moyo.

"Unamnunulia mzee nyumbani?"

"Namnunulia mshambuliaji wangu. Yuko kidato cha pili."

"Kidato cha pili na anavaa namba ndogo hivi?"

"Ni msichana."

Hapo ndipo alipokosea. Alicheka, tena kicheko cha kutupa kichwa nyuma, mpaka muuza mitumba akageuka. Aika akanyoosha mgongo, akamsubiri kama anavyowasubiri wanafunzi wa nyuma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Lete kiatu."

Akakileta. Na nisiwafiche, hakukileta kwa sababu ya huruma kwa wasichana wa kidato cha pili. Alikileta kwa sababu hakuwahi kuona macho mazuri yakiwa na hasira kiasi kile. Akambebea na kiroba hadi barabarani. Akajitambulisha: Aristides Tarimo, mtu wa maabara katika kituo cha afya mjini Arusha. Akaomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Nijue huyo mshambuliaji anafunga au hafungi."

Akapewa.

Shule aliyofundisha Aika ilikuwa shule ya kata, kule Kikwe. Somo lake ni baiolojia. Wasichana wa pale walikuwa na netiboli, na hata hiyo netiboli pete yake ilishaanguka, hakuna aliyejali. Siku moja Aika aliingia ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Manase, akasema anataka kuanzisha timu ya mpira wa miguu ya wasichana. Manase, ambaye suti zake zote ni za kaunda, aliweka kalamu chini taratibu.

"Madam Aika, mimi sikukatazi. Lakini uwanja hakuna, mipira hakuna, bajeti hakuna, na wazazi watakuja juu."

"Kwa hiyo nimeruhusiwa?"

"Nimesema hakuna kitu."

"Nimesikia, mkuu. Asante kwa ruhusa."

Akatoka kabla hajajibiwa. Nyuma ya jiko la shule kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho Manase alikuwa akikitamani kwa mahindi. Kilikuwa kimejaa vichuguu na mbigili. Wasichana waling'oa mbigili kwa jembe, wakang'oa kwa mikono, zikawachoma hadi wakajifunza kutukana kwa Kimeru mbele ya mwalimu wao Mchaga, wakidhani haelewi. Mzazi mmoja akatoa miti ya mgrevilea kwa ajili ya magoli. Aristides ndiye aliyekuja Jumamosi na pikipiki ya kuazima kuchimba mashimo ya nguzo. Mikono yake iliyozoea vioo vya darubini ilitoka malengelenge, na Aika alimfunga kitambaa kidole kimoja kimoja, polepole kuliko ilivyohitajika.

Mzee Lesian, baba yake Nosim, yule mshambuliaji aliyenunuliwa vile viatu, alifika mazoezini akiwa na fimbo na shuka lake begani.

"Shikamoo, mzee," alisema Aika.

"Marahaba. Mwalimu, binti yangu atakimbia na bukta mbele za watu?"

"Atavaa taiti ndefu chini ya bukta, mzee. Lakini kukimbia atakimbia."

Mzee akasimama kando atazame huo upuuzi. Wiki iliyofuata alikuwa ndiye anayemfokea mwamuzi wa mazoezi kuliko wote.

Jioni zilikuwa za simu za Aristides.

"Kocha wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Na hiyo miguu iliyochomwa na mbigili imepona?"

"Acha kuulizia miguu yangu, mwanamume wewe."

"Nauliza kwa simu kwa sababu nikiuliza nikiwa hapo unanipiga na mpira."

"Njoo Jumamosi nikupige vizuri."

"Nakuja, mama. Nakuja hata kesho."

Aika akikata simu hubaki anacheka peke yake, ameegemea ukuta. Alikuwa amempenda, na hakuona haya kukiri hivyo. Aristides alikuwa mpole, mcheshi, mwenye mikono safi na maneno matamu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akimpenda mtu, humwondolea shida bila kumuuliza kama anaiona kuwa shida.

Timu ikapata mechi ya kwanza, nyumbani, Ijumaa, dhidi ya shule ya kulipia kutoka mjini. Jumatano ya wiki hiyo Manase alimwita Aika ofisini, naye alikuwa anatabasamu, jambo ambalo lilimtia Aika wasiwasi papo hapo.

"Hongera, madam! Umepata mjini. Jumatatu unaripoti shule mpya."

"Mimi? Sijaomba uhamisho."

"Umeombewa. Kumfuata mwenza." Akazidi kutabasamu. "Na hongera ya pili. Nimeambiwa ndoa ni Desemba."

Aika alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Hata posa hajaiona! Akaenda nyuma ya bweni, akampigia Aristides.

"Mpenzi! Wameniwahi jamani. Nilitaka nikwambie mwenyewe Jumapili, nimeshaagiza na keki."

"Ari, nani kakwambia tunaoana Desemba?"

"Aisee, ile ni... Shangazi anafahamiana na watu, akasema bila kutaja ndoa haiwezekani."

"Ofisi inajua. Shangazi anajua. Manase anajua. Bibi harusi ndiye hajui."

"Aika wangu, sikiliza. Walimu wanalia miaka na miaka kupata mjini. Wewe unachota maji kwa jirani, unalala na vumbi la uwanja. Nimekuonea huruma."

"Nilikuomba huruma?"

"Huhitaji kuomba..."

"Nikiondoka, Manase anang'oa yale magoli Jumatatu hiyohiyo anapanda mahindi. Wale watoto wananiamini mimi tu. Hilo ulilifikiria?"

"Atakuja mwalimu mwingine."

"Kung'oa mbigili? Ari, umenihamisha kama kabati. Kabati nalo hugongwa kwanza kuona kama lina kitu ndani."

Akakata. Akalia, maana anampenda, na kule kulia kukamuongezea hasira.

Alhamisi asubuhi alikuwa ofisi ya elimu ya wilaya, mbele ya mama mmoja wa makamo aliyevaa miwani ya kamba.

"Mwanangu, mjini hukutaki? Una homa?"

"Niko mzima, mama. Sitaki."

"Miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki, anakuja mtu analia apelekwe mjini. Wewe ndiye wa kwanza kulia ubaki. Sasa, aliyekuombea aje mwenyewe aseme alikosea. La sivyo Jumatatu unaripoti."

"Jumatatu nitakuwa Kikwe. Hata mkinifukuza kazi, mtanifukuza nikiwa uwanjani."

Akamtumia Aristides ujumbe mmoja: *Nenda kafute ulichoandikisha. Usinipigie.* Naye akapiga, akapiga, akapiga. Aika aliiacha simu ilie.

Ijumaa basi la wageni liliingia shuleni likiwa jeupe, limeoshwa. Wakateremka wasichana wenye suti za mazoezi za bluu, majina yao mgongoni. Wa kwetu walikuwa na jezi za kuazima za timu ya waendesha bodaboda, zimewafika magotini. Mlima Meru ulikuwa umevuliwa mawingu, na kijiji kizima kilikuwa pembeni ya uwanja: akina mama na vitenge vyao, wazee, mbuzi pia. Aika alisimama kwenye mstari wa chokaa, khanga kiunoni. Hii ilikuwa ndiyo mechi ya kuwaonyesha, na huenda ikawa ya mwisho.

Wakapigwa la kwanza mapema. La pili likaja kabla ya mapumziko, Brightness golikipa ameruka upande ambao mpira haukwenda. La tatu likaja baada ya mapumziko, na baadhi ya watu wakaanza kucheka, kicheko kilekile cha sokoni. Aika akapaza sauti mpaka ikakatika.

"Nosim! Acha kuangalia chini! Chini kuna mbigili tu!"

Nosim akainua kichwa. Akapokea mpira katikati, akampiga chenga beki mmoja, akamkimbia wa pili, taiti imejaa vumbi, akaachia shuti. Mpira ukagonga mtambaa panya, miti ikatetemeka, ukadundia ndani. Mzee Lesian akalirusha shuka lake juu likatua kwenye kichwa cha mwamuzi. Wenzake walimrukia Nosim kama wamechukua kombe, na mechi ilibidi isimame kidogo.

Kipenga cha mwisho kilipolia ilikuwa tatu kwa moja. Manase akasogea, mikono nyuma.

"Tumejaribu, tumeona," alisema kwa sauti ya kusikika na watu wengi. "Wasichana, mshukuruni madam kabla hajaenda mjini. Netiboli itarudi."

Nosim hakumtazama hata kidogo.

"Madam, marudiano lini?"

Aika akamgeukia kocha wa wageni, aliyekuwa anakusanya mipira.

"Mwalimu, marudiano mna nafasi lini?"

"Nyie?" Akawatazama wale wasichana, na hakuna aliyeinamisha uso. "Haya. Mwezi ujao, kwetu."

"Tunakuja."

Ndipo alipomwona Aristides. Alikuwa nyuma ya goli, shati jeupe limekuwa la rangi ya Kikwe, miwani imejaa vumbi. Alitembea kukatisha uwanja mzima, watu wote wakitazama, na hakuharakisha.

"Natoka ofisini," alisema. "Nimewaambia nilidanganya. Hakuna ndoa Desemba, wala sijaposa. Yule mama amenigombeza mbele ya foleni nzima."

"Amefanya vizuri."

"Uhamisho umefutwa. Nisamehe, Aika. Nilikupenda kwa ubishi wako, halafu nikataka kukukalisha."

Mikono ya Aika ilimtaka, lakini aliiacha kiunoni.

"Kuna jambo jingine," alisema Aristides. "Hili sijalifanya. Nimekuja kuuliza kwanza."

"Uliza."

"Kituo cha afya cha hapa hakina mtu wa maabara. Naweza kuomba nihamie mimi. Sababu nitaandika kumfuata mwenza."

Manase akaguna. "Mwanamume atoke mjini amfuate mwanamke shamba? Bwana, utachekwa."

"Nimeshachekwa leo, mkuu. Sikufa."

"Mwenza gani?" aliuliza Aika. "Mimi sijaolewa."

"Ndilo swali lenyewe."

"Sijalisikia. Na hao wa golini hawajasikia."

Aristides akavua miwani. Akapaza sauti, naye si mtu wa kupaza sauti, ikamtoka imepasuka katikati.

"Aika Nkya! Utakubali nikuoe? Nakuuliza, sikuambii!"

Wasichana wakapiga vigelegele kabla hajajibu. Aika akaichukua ile miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akamvisha mwenyewe.

"Nakubali. Kwetu Machame utakwenda na wazee wako kama watu. Na Desemba sahau, Desemba timu iko kambini."

Kisha akamgeukia mkuu wa shule, bado ameushika mkono wa mchumba wake mbele ya kijiji kizima.

"Jumatatu saa kumi tuna mazoezi, mkuu. Hayo mahindi kapande kwako."