Maji Moto ya Mama Mkwe

Nyumbani kwa Gasana, mjini Kamembe kando ya ziwa, hakuna aliyeoga bila sandali za plastiki. Ukigusa robine, yaani koki ya bomba, ukiwa peku, vidole vilikuwasha kama umeshika upupu. Gasana na mkewe Joselyne walizoea. Walisema maji ya umeme ndivyo yalivyo.

Ilikuwa mwaka 2002. Wote wawili walikulia Bukavu, upande wa Kongo, wakarudi Rwanda baada ya vita. Gasana aliuza vitambaa sokoni. Siku moja, miaka miwili nyuma, alikuwa amevuka mpaka kwenda Bukavu, akarudi na mashine ndogo ya kupasha maji. Mashine hiyo haina tanki. Inafungwa kwenye bomba la kuogea, na maji yanapata moto hapo hapo yanapopita ndani yake. Gasana aliifunga mwenyewe. Aliiunganisha na waya wa taa, akajivuna kanisani.

Mwezi wa saba Joselyne alijifungua mtoto wa kiume hospitalini. Kesho yake mama yake, Mukandekezi, alifika kutoka Nzahaha na kikapu cha unga. Alikuja kumwosha binti yake kwa maji moto, kama mama anavyomfanyia mzazi. Alipoambiwa kuna mashine, alimshukuru Mungu kwamba safari hii hatabeba masufuria.

Gasana alishikwa na hofu. Joselyne atakuwa dhaifu na mwili wote umelowa. Mama mkwe atakuwa amemshika. Mmoja akigusa robine, umeme utawapata wote wawili.

Lakini angemwambiaje? Mkwe hazungumzi na mama mkwe habari za kuoga. Basi alimtuma jirani yake, Uwimbabazi, amwambie avae sandali. Uwimbabazi alirudi akicheka.

"Amekataa. Anasema ameosha bamama kumi na moja, wote akiwa peku. Saruji ikilowa, sandali zinateleza. Anauliza ni mkwe gani anayetaka aanguke na mzazi mikononi."

Gasana alipiga magoti chumbani, akaomba Mungu awalinde. Alipomaliza aliona kuna kazi imebaki kwa mikono yake. Alikwenda karibu na kituo cha mabasi kumtafuta Murhula, fundi wa umeme aliyekimbia vita Bukavu na mfuko wake wa vyombo.

Murhula alifika, akazima umeme wa nyumba nzima. Kisha akafungua mashine. Aliuliza ni nani aliyeifunga. Gasana alijibu kwamba ni fundi fulani.

"Huyo fundi anafanana na weye sana, Papa Gasana," Murhula alisema.

Gasana aliangalia chini. Akakubali kwamba ni yeye.

Murhula alimwonyesha waya. Plastiki yake ilikuwa laini, na sehemu moja imekuwa nyeusi. Alieleza kwamba mashine ya namna hii inakula umeme mwingi kwa mara moja, kwa sababu lazima ipashe maji yakiwa mbioni. Waya wa taa ni mwembamba. Unapata moto, na unaweza kuunguza nyumba.

"Na kule kuwashwa?" Gasana aliuliza.

"Ule ni umeme unaovuja. Unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia uliyouachia ni mwili wako. Sandali haziuzuii. Zinakufanya usiusikie vizuri, basi. Siku ukigusa ukuta uliolowa, utausikia wote."

Mashine ilihitaji waya wake mnene, kutoka kwenye boksi la umeme moja kwa moja. Ilihitaji waya wa kijani na njano, uliofungwa kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Ilihitaji pia swichi ya usalama, ambayo umeme ukivuja inaukata yenyewe.

Siku ile waya mnene haukupatikana Kamembe. Joselyne aliporudi, maji yalichemshwa uani kwa mbabula, jiko la makaa. Gasana alibeba masufuria mwenyewe, akayaweka mlangoni mwa bafu na kuondoka haraka bila kuinua macho. Mama mkwe alinung'unika kwamba mashine ya mkwe wake ni pambo.

Siku ya tatu waya ulikuja. Murhula alifanya kazi tangu asubuhi. Alipomaliza alipima robine kwa kifaa chake. Hakikuonyesha umeme. Akawafundisha matumizi. Usibadilishe kipimo cha moto maji yakiwa yanatoka. Maji yakipungua au yakikatika, zima swichi. Ukisikia tena kuwashwa, hata kidogo, zima na umwite fundi.

Mchana Murhula alipoondoka, Mukandekezi aliingia bafuni na binti yake. Gasana alikaa uani, mikono imefumbatana. Alisikia maji yakianza kumwagika. Alisikia mama mkwe akimwamuru Joselyne asimame sawa. Kisha akamsikia Joselyne akicheka. Machozi yalimjia, akasema, "Asante, Bwana. Ulitulinda tulipokuwa hatujui."

Halafu akainuka. Mwaka uliopita alikuwa amemfungia Uwimbabazi mashine kama ile, kwa waya kama ule. Alimkuta akianika nguo, akamweleza kosa lake lote.

"Kumbe," Uwimbabazi alisema. "Mi nilidhani baridi ya ziwa ndiyo inaniuma vidole."

Waliingia ndani pamoja, wakazima mashine yake. Murhula alikuwa bado njiani na waya uliobaki begani. Gasana alimkimbilia kumrudisha.