Ludo Aliyoichagua Bibi Alute

Kila Jumapili alasiri, nyumbani kwa Obadia pale Mkiwa, kazi zilisimama na ludo ikatandikwa kwenye mkeka. Felista, binti wa Obadia mwenye miaka kumi na moja, alikaa ubavuni mwa bibi yake. Bibi Alute hakuwa na huruma katika mchezo. Ukikaribia kufika nyumbani anakula kete yako, kisha anatulia kama mtu aliyetoka kusali.

Mchezo huo ulikatika siku mbuzi alipotafuna ubao, maana ulikuwa wa karatasi ngumu tu. Kwa bahati alizeti ilikubali mwaka ule, na maduka ya mjini, yaliyokuwa matupu miaka ya foleni za sabuni, yalikuwa yameanza kujaa. Baba akawachukua wote hadi Singida, dukani kwa mzee Chhotalal.

"Shikamoo, mzee," Felista na kaka yake Moses walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Ludo? Siku hizi ludo si moja. Tazameni wenyewe."

Akapanga tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya ndege, kete zake vindege vya plastiki vinavyong'aa. Ya pili ya mpira, yenye wachezaji waliovaa jezi. Ya tatu ilikuwa ya mifugo, imechongwa kwa mti: kuku, mbuzi, ng'ombe na punda, kila mnyama akisimama ndani ya kitundu chake.

Moyo wa Felista ulishaparamia ndege. Lakini kwao, mkubwa akiwepo, ndiye achaguaye.

"Mama, chagua," baba alisema.

Bibi hakuinama kutazama. Alipapasa vindege, akapapasa wachezaji, kisha vidole vyake vikafika kwenye pembe za ng'ombe, vikatulia.

"Hii."

"Jamani, Bibi," Moses alilalamika. "Mbuzi nawachunga wiki nzima, na Jumapili niwachunge tena? Na mbuzi ndiye aliyekula ile nyingine."

"Hawa hawaingii shamba la jirani," Bibi alijibu. Mzee Chhotalal akacheka, akafunga mzigo.

Felista alinuna njia nzima. Jumapili iliyofuata alicheza kwa shingo upande, na kwa kuwa hakuufurahia mchezo, macho yake yakabaki kwa bibi. Akaona kwamba kila dadu ikianguka, Bibi anaipitishia kidole gumba kwanza. Akaona anahesabu vitundu kwa ncha ya kidole. Kete moja ya kuku ilipoanguka karibu na mguu wa Bibi, juani kabisa, Bibi alipapasa mkeka mzima asiipate. Felista akaiokota, akamwekea Bibi kiganjani. Kinyongo chote kikamwisha.

Jioni alimfuata jikoni. "Bibi, huoni vizuri?"

Bibi alishusha sauti. "Naona ukungu. Usimwambie baba yako. Atanipeleka hospitali wanikate macho. Jirani yangu alichezewa macho na mganga kwa mizizi tu, bila kisu, akarudi gizani moja kwa moja. Niahidi, mjukuu wangu."

Felista akaahidi, na ahadi ile ikamkalia kifuani kama donge la ugali.

Siku chache baadaye walikuwa wakirudi na kuni. Walipofika barabara kuu, Bibi alitia mguu barabarani huku lori la mizigo likija. Felista alimvuta kwa kanga, wote wakaanguka na kuni zao. Dereva akapiga honi ndefu akapita.

"Nililisikia," Bibi alisema akihema. "Nilidhani liko mbali."

Felista alimpangusa vumbi. "Bibi, leo namwambia baba. Nimeona nikuambie wewe kwanza, nisikusengenye."

"Uliahidi."

"Niliahidi, Bibi. Nikasirikie, lakini uwe hai."

Bibi hakusema naye hadi walipofika nyumbani. Lakini Felista alipomweleza baba, Bibi hakukanusha.

Katika hospitali ya misheni ya Kilimatinde, muuguzi aliyaangalia macho ya Bibi kwa tochi. "Ni mtoto wa jicho, mama. Wengi hukaa na ugonjwa huu nyumbani wakidhani ni uzee. Tutauondoa."

Baada ya upasuaji, bandeji ilipofunguliwa, Bibi alipepesa macho, akamtazama Felista kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe umerefuka hivi. Na hilo gauni limechanika begani, mama yako haoni?"

Wote wakacheka, na baba akafuta machozi kwa kiganja.

Bibi akamshika mjukuu wake mkono. "Nilikosea kukufunga mdomo. Siri ya zawadi itunze, mwanangu. Siri ya ugonjwa mpelekee mtu mzima anayeweza kusaidia, hata kama mwenyewe atakununia. Mimi nilinuna, na leo nakuona."

Kisha akamgeukia muuguzi. "Binti, una sindano na uzi? Siwezi kusafiri na mtoto aliyechanika bega."