Kikombe cha Kaburi la Tunisia

Jioni ile nilikuwa nakwenda Turffontein kumchukua mwanangu kwa wifi yangu Nomsa. Basi, safari yenyewe ni hiyo tu. Ilikuwa Juni 2005, baridi inakata masikio, na jua lilikuwa linazama nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Nilitoka nyumbani, mtaa jirani wa La Rochelle, kwa miguu, nikiapa njia nzima kwamba sikai dakika kumi kwa yule mwanamke.

Nomsa ni dada wa mume wangu, Thabo. Wazazi wao walikuwa wapigania uhuru wa huku kusini waliokimbilia kwetu, kwa hiyo amekulia Morogoro, amekula ugali wetu mpaka akapata mwili. Leo amerudi kwao, anajifanya Kiswahili kinampa tabu. Sikumpenda. Na usinihukumu mapema, maana naye hakunipenda.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetoka safari. Nilikuwa namtunza bibi mmoja mzungu, mjane wa mfuga farasi, naye akanichukua kwenye meli ya kitalii ya Mediterania nimsukumie kiti chake cha magurudumu. Jenoa, Napoli, Palermo... huko nilinunua vitambaa mpaka begi likagoma kufunga. Kisha tukatia nanga Tunisia. Nusu ya abiria hawakushuka. Walisema hakuna cha kuona pale, nami nikawaunga mkono. Mwafrika mzima nimesimama kwenye sitaha, naidharau Afrika! Vumbi, kuta nyeupe, wazee wanavuta sigara. Nikamwambia bibi abaki alale.

Hakutaka. Akaniamuru nimpeleke kilimani, kwenye makaburi yanayotazama bahari.

Juu ya makaburi mengi palikuwa na kikombe kidogo cha udongo chenye maji. Dereva wa teksi alitueleza kuwa ni sadaka: ndege akinywa, marehemu hupata thawabu. Nikacheka. Hapo ndipo nilipomkumbuka Nomsa. Kwetu harudi mtu safarini mikono mitupu, na mdomo ule ungenitangaza Turffontein nzima. Lakini nimpe kitambaa cha Napoli, yeye? Nikachagua kikombe cha buluu, kilichonakshiwa vizuri. Nikamwaga maji yake chini. Nikakitia mkobani.

Kwenye kaburi la jirani alikaa mwanamke aliyejifunika nguo nyeupe gubigubi, ameushika upindo wake kwa meno. Alikuwa ananitazama. Nikamfyonya, nikasukuma kiti nikaondoka.

Sasa, jioni ile, nilipofika getini kwa Nomsa nilisikia bomba la jikoni. Maji yanatiririka... yanakatika... yanatiririka tena.

Ukutani walijaa hua. Walijipanga kimya, vichwa vyote vimeelekea dirisha la jikoni.

Nomsa alinifungulia kabla sijapiga hodi. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Mtoto wako anakunywa maji," akaninong'oneza.

"Si anywe."

"Tangu saa nane, wifi. Eish, hatulii."

Jikoni palinuka udongo uliofukuliwa. Violeth, miaka tisa, alikuwa amesimama kwenye sinki na kile kikombe cha buluu nilichompa Nomsa. Anajaza, anakunywa, anajaza. Sweta la shule lilikuwa limelowa mpaka tumboni, lakini midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka, myeupe kama chokaa. Nikamshika vidole nimnyang'anye kikombe. Vilikuwa vya baridi, na havikubanduka.

"Mama," akasema, "kiu inaniua."

Kwa Kiswahili. Mtoto huyu alizaliwa hapa. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza au Kizulu, siku zote.

"Nani kampa hiki kikombe?"

"Alikuja mwanamke," Nomsa akanong'ona. "Nguo nyeupe mwili mzima, ameiuma hivi. Akaonyesha kwa mkono kwamba anataka maji. Nitamnyimaje mtu maji? Nikamtuma Violeth, naye akachukua zawadi yako, ndiyo ilikuwa karibu. Yule mwanamke hakunywa. Aliyamwaga chini, akamrudishia mtoto kikombe. Tangu hapo ni hivi hivi."

Nikalifunga bomba; Violeth akalifungua tena.

"Wifi, ulikitoa wapi?"

"Dukani."

Violeth akaanza kunywa haraka zaidi. Maji yakampalia, akakohoa, akajaza tena.

"Wapi, Emiliana?"

"Nimesema dukani!"

Hua wote wakaruka kwa pamoja.

Kisha mlango wa nyuma ukakwaruzwa. Taratibu. Mlango ule una kioo cha ukungu, na nyuma yake palikuwa na kitu cheupe, kirefu kama mtu. Hakikutikisika. Mwanangu alikuwa sasa anakunywa bila kupumua.

Nikapiga magoti. Mimi!

"Nimekiiba," nikasema. "Kaburini. Nilimwaga maji ya marehemu, nikakuletea wewe, Nomsa, kwa sababu niliona hustahili zaidi ya hapo. Nisamehe."

Vidole vya Violeth vikalegea. Nikakichukua kikombe, nikafungua mlango kiasi cha upana wa kiganja, nikakiweka kwenye ngazi huku nimefumba macho. Nilisikia kikiburuzwa kwenye saruji. Nilipofumbua, ngazi ilikuwa tupu.

Tulimkimbiza hospitali usiku uleule. Daktari alisema ni sukari, na sukari huleta kiu. Sawa, nimeelewa, na sindano anachomwa kila siku. Lakini sukari haimfundishi mtoto Kiswahili.

Alipotoka wodini alikataa kurudi nyumbani. Anaishi kwa shangazi yake, na maji hayapokei kutoka mikononi mwangu. Nomsa aliniambia, "Mdharau mwiba, wifi...", akaniachia mwenyewe nimalizie. Nilitamani kumzaba kibao.

Kila jioni nakwenda kumtazama mwanangu. Naogopa kwenda, na naogopa zaidi kutokwenda. Tunakaa sebuleni, Nomsa amesimama mlangoni na kidevu chake juu, na kila jioni Violeth ananiuliza swali lilelile, kwa Kiswahili safi kuliko changu:

"Mama, siku ile ulimwomba shangazi msamaha kweli, au ulitaka tu yule mwanamke aondoke?"

Kudanganya siwezi, nimeona uongo wangu unavyomfanya. Basi namtazama Nomsa, najitahidi, Mungu ni shahidi, najitahidi kweli... na dharau ileile ya zamani inanipanda moyoni.

Violeth anasoma jibu usoni mwangu.

Naye anainuka, anakwenda kufungua bomba.