Hesabu Ndani ya Taya

Mnisamehe mapema. Hadithi ya jini inataka msimulizi mwenye sauti nzito na uso mkavu, na mimi nimepata riziki miaka ishirini na sita kwa kuchekesha watu majukwaani hapa Busan. Nikijaribu kutisha, watu wanashika mbavu. Ingefaa asimulie mwingine, ila mwingine anayeijua yote hayupo, kwa hiyo vumilieni.

Ilianza kwenye sinki. Siku ya tatu baada ya mazishi ya Nam Chun-bae, rafiki yetu Tak Byeong-ho alikuwa anasuuza hedifoni zake za kuogelea. Chumvi ya asubuhi ya mwisho tuliyoogelea na Chun-bae ilikuwa bado imeganda juu yake. Ni zile ambazo haziingii sikioni: zinakaa kwenye mfupa wa shavu, wimbo unapita mfupani, zinazama na mtu baharini bila kuharibika, na masikio yanabaki wazi. Klabu yetu tulinunua tisa kwa mkupuo, nyeusi zote, tukapata punguzo. Za Byeong-ho chaji ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyopita. Hata hivyo vidole vyake vikaanza kutetemeka kwa mpigo, mpigo ukapanda mpaka kwenye kiwiko, naye akasikia, si kwa sikio, kwa mkono: moja, mbili, tatu.

Ikafika saba, ikanyamaza.

Byeong-ho hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Klabu yetu ya kuogelea alfajiri ni ya wanaume tisa waliopita jeshini, na tukitoka majini tunajipanga mstari mchangani na kuhesabu kama jeshini, kila mtu namba yake, wa mwisho anamalizia kwa neno "mwisho". Chun-bae alikuwa nane. Byeong-ho alikuwa tisa, mtu wa mkiani, anayeogelea nyuma ya wote ili asiachwe mtu.

Asubuhi ile ya Oktoba tulihesabu meno yakigongana kwa baridi. "Saba," akasema wa saba. "Nane," ikaitika sauti ya Chun-bae, ile ya puani. "Tisa, mwisho," akasema Byeong-ho, taulo kichwani, wimbo ukimpigia shavuni, bila kugeuza shingo. Tukakimbilia mgahawani, tukaagiza mabakuli tisa ya supu ya nguruwe na wali.

"Chun-bae yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Si ameitika?" Byeong-ho akajibu, mdomo umejaa. "Atakuwa bafu la moto, yule mwoga wa baridi."

Bakuli la Chun-bae lilikaa mezani mpaka mafuta yakaganda juu. Saa sita mchana mama mmoja mzamiaji, anayechuma konokono wa baharini, akamkuta amenasa kwenye mwani, hedifoni zake zikiwa bado zimembana kichwani.

Msibani, mjane wake, Mama Do-gyeong, alimuuliza Byeong-ho swali moja tu. "Shemeji, hukumsikia akiita?"

"Nilikuwa na muziki."

Akakitazama kile kitu kilichoning'inia shingoni mwa Byeong-ho. "Hizo si zinaacha masikio wazi? Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza, siku alipoleta zake nyumbani."

Byeong-ho aliinama mpaka paji likagusa sakafu, akabaki hapo hapo muda mrefu hata watu wakaanza kuangalia pembeni.

Sasa rudi kwenye sinki. Byeong-ho alizifunga hedifoni kwenye gazeti, akashuka ngazi za ghorofa saba, akazitia kwenye sanduku la taka za umeme, akapanda tena akijisikia mwepesi. Mkewe, Geum-ok, alikuwa ameandaa chakula cha mchana. Byeong-ho akatafuna kipande cha figili. Moja, ikasema taya yake. Akatafuna tena. Mbili.

"Baba Ye-rim, mbona umeacha kula?"

"Jino."

Akaziba masikio kwa viganja, na hapo ndipo alipojua amekwisha, maana sauti ya nje ukiiziba inapungua, lakini ile iliyomo mfupani ukiziba masikio inajaa, inakuwa kama mtu amefungiwa nawe chumba kimoja. Nne. Tano. Ikaja na harufu, maji ya bahari na mafuta baridi ya nguruwe, ikitoka kwenye mto wa kulalia, kwenye mvuke wa sufuria ya wali, kwenye mswaki. Siku tisa akaacha kwenda dukani kwake. Kilo sita zikamtoka. Hakuogopa kufa, aliogopa mtu asije akasikia na kujua ni hesabu gani.

Geum-ok ndiye aliyesikia. Asubuhi moja alimkuta amekaa kwenye sakafu ya bafu, nguo zimelowa ingawa bomba lilikuwa limefungwa, akamshika mashavu kama mtoto mwenye homa na kuegemeza paji lake kwenye paji la mumewe, na mfupa ulipogusana na mfupa akaisikia, mbali kwanza, kama redio ya jirani, kisha karibu, kisha ndani ya meno yake mwenyewe, tano, sita, saba, halafu kimya ambacho hakikuwa kimya, kimya cha mtu aliyebana pumzi chini ya maji akingoja, akingoja, na kadiri alivyongoja ndivyo maji yalivyoanza kumpanda Geum-ok kooni, ya chumvi, ya baridi, mpaka akajisukuma nyuma na kutapika kijiko kizima cha maji ya bahari kwenye sakafu ya nyumba iliyo ghorofa ya saba.

"Anangoja nini?" akanong'ona.

"Namba yake."

"Basi mpe."

"Nimempa mara elfu. Haitaki yangu."

Ndipo akaitwa mganga, Bibi Yongdang, mwenye mabega ya mbeba mizigo, aliyekuja na simu mbili. Kwa mtu aliyekufa maji kazi yake inajulikana: bakuli la wali linafunikwa, linafungwa kwenye kitambaa kirefu cheupe, linatupwa baharini na kuvutwa. Likirudi na unywele ndani, roho imepanda. Tulikwenda mchana, jua kali. Mjane alisimama mbele, mikono kifuani. Ngoma zikapigwa, bakuli likaenda, likarudi. Wali mtupu. Likaenda tena. Wali mtupu.

Mara ya tatu Bibi Yongdang akakaza kitambaa na kutetemeka, na alipofungua mdomo, sauti ilitoka puani.

"Jipangeni."

Wanaume wanane tuliokuwa na tumbo, madeni na shinikizo la damu tukajipanga kama kuruta.

"Nani aliniitikia?"

Byeong-ho akatoka mstarini, akapiga magoti mchangani. "Mimi ndiye niliyekuwa mkiani, kaka. Nichukue mimi."

"Sikumuuliza wa mkiani. Hesabuni."

Tukahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mimi ni wa nne, nikasema nne. Tano, sita, saba. Kisha kimya kile kile. Mawimbi yenyewe yalikuwa kama yameshikiliwa na mtu, na mjane alianza kutembea kuelekea majini polepole, viatu miguuni, na Byeong-ho alikuwa amejishika taya kwa mikono miwili kama anayezuia kitu kisitoke, na Geum-ok akalia, "Mwenye kujua aseme, jamani, mume wangu anaisha."

Nilijua. Asubuhi ile ya Oktoba niliona Chun-bae hayumo mstarini, nikadhani ametangulia kuwahi meza karibu na jiko, ndivyo alivyozoea, nikamwitikia kwa sauti yake ili tusichelewe kula. Namwiga Chun-bae tangu tuko vijana. Mezani nilipoona bakuli lake linapoa nikataka kusema. Nikaagiza vitunguu.

Sasa nikafungua mdomo niseme, "Ni mimi." Nawaapia nilikusudia. Macho yote yakanigeukia, na kilichotoka, kwa ile sauti ya puani, safi kabisa, kilikuwa, "Nane."

Mjane akaanguka magotini. "Amepanda," akasema. "Baba Do-gyeong amepanda." Akalia kwa furaha, akakumbatia kitambaa chenye mchanga. Bibi Yongdang akafungua bakuli, akatazama wali, akanitazama mimi. Hakukuwa na unywele hata mmoja. Akalifunika taratibu, akasema kazi imekwisha.

Majuzi Byeong-ho alinivuta pembeni. Amebaki mifupa, na siku hizi mkewe analala kwa dada yake.

"Kaka," akaninong'oneza, "sasa nane inasikika."

"Si afadhali."

"Si sauti yake. Inaiga." Akanigusa mkono, kwa upole ulionichoma kuliko kofi. "Sijamwambia mtu."

Nikamshukuru. Mjane naye amenipigia simu: mwanawe Do-gyeong anaoa mwezi wa tano, na kwa kuwa baba hayupo, familia nzima imeniomba mimi nikae kwenye kiti chake. Mganga ana dawa ya jini, ya mwigaji hana. Mimi naalikwa harusini.